Maji ya Mtungi wa Mama

Barabara ya Gangapur,
Nashik.
Mei 19

Mpendwa kaka Madhukar,

Nagusa miguu yako kutoka huku, ingawa magoti yangu siku hizi hayataki kuinama hata mbele ya picha yako. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na wifi Sunanda na watoto. Kile kifua chako kimetulia? Wifi aliniambia baridi ya Birmingham imekukohoza mpaka mwezi wa nne. Vaa sweta, usijifanye kijana.

Mimi ni mzima. Presha iko pale pale, jino moja limenihama, na joto la mwaka huu halina adabu kabisa, hata kunguru wananyamaza ikifika saa sita mchana. Pua yangu bado inafanya kazi. Hiyo ndiyo niliyokuwa najivunia mpaka wiki iliyopita.

Najua hapo umeshakunja uso. Kila nikitaja mvinyo unanikatia simu, ndiyo maana nimeamua kuandika, maana sijawahi kukusikia ukichana barua kabla hujaimaliza. Basi isome hii mpaka mwisho. Mizabibu ya Ketaki, binti wa marehemu ndugu yetu Prabhakar, bado imesimama inasubiri neno lako, na ulitaka shamba liwe tupu kabla ya mvua. Mvua haiko mbali.

Nianze na sisi unaotuita walevi. Tuko watatu: mimi, Bwana Phadke aliyekuwa mkuu wa stesheni, na Roshan, yule jirani yangu Mparsi mwenye sauti ya asali. Mara moja kwa mwezi tunakutana sebuleni kwangu saa kumi jioni. Kila mtu analeta chupa moja kutoka rafu ya chini ya duka, ile wanayoipita wenye magari makubwa. Chupa inavishwa foronya ya zamani ili asijue mtu ni ya nani wala ya wapi. Tunanusa, tunaonja, tunatema kwenye kopo, na hakuna kusema neno mpaka kila mmoja atie mbegu zake za ukwaju kwenye bakuli la shaba. Mvinyo mzuri sana unapata mbegu tano, mbaya haupati kitu. Nilijifunzia uzeeni, mjane na televisheni yangu, na hakuna jambo lililonichangamsha hivyo tangu nistaafu. Wake wa majirani wanasema mengi, waache waseme.

Ulipomwambia Ketaki mwezi wa pili kwamba mvinyo wake wa kwanza uletwe mbele ya hao walevi, nilijua ulikuwa unatania nusu. Lakini mtoto hakuichukua kama utani. Mvinyo ukifaulu, mizabibu ya marehemu baba yake ibaki. Ukishindwa, ing'olewe na shamba akodishiwe Gaikwad alime vitunguu. Shamba lina jina lako, wewe ndiye mkubwa wetu, naye alikupa neno lake. Tangu siku hiyo sikumwona akicheka vizuri.

Kwa kawaida wakati wa joto hatukutani, kwa sababu Roshan huenda kwa binti yake milimani. Mwaka huu alibaki kwa ajili ya Ketaki. Binti alikuja Jumapili na basi la mchana, kofia ya Prabhakar kichwani, na chupa yake ikachanganywa na mbili tu, yangu na ya Phadke, zote zimevaa foronya. Hata yeye hakujua ipi ni ipi, kwa sababu Roshan ndiye aliyezipanga upya zikiwa zimeshavishwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tulikaa tunajipepea na magazeti, na hakuna aliyekuwa na hamu ya mzaha.

Chupa ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya kawaida tu. Tukasuuza glasi kama tulivyozoea, ikaja ya pili, nyeupe. Nilipoinamisha pua, kaka, moyo ukanishuka. Ilinuka godoro lililonyeshewa. Nikajiambia, Mungu wangu, isiwe hii. Nikamtazama Phadke, amebinua mdomo. Roshan alikuwa anaitazama dari. Bakuli likazunguka, na kila mkono ukaingia bila mlio.

Sheria ni kwamba baada ya bakuli mtu yuko huru kusema. Phadke hajawahi kuukosa uhuru huo.

"Hii ni ghala la viazi baada ya mafuriko," alisema. "Aliyeileta atubu."

"Wewe nawe! Punguza makali," Roshan akamwambia. "Labda kizibo kimeoza, masikini."

"Kizibo gani? Hii ya kufungua kwa kuzungusha. Ameoza mwenyewe aliyeitengeneza!"

Ketaki akainuka. Akaivua chupa foronya polepole, na pale ilikuwa ile karatasi yake aliyoichora kwa mkono.

"Ni yangu, mjomba Phadke," alisema. "Na mimi sikutia mbegu."

Kaka, hilo ndilo lililonikata. Alikuwa ameonja pamoja nasi, akaona ni mbovu, mkono wake ukaingia mtupu kwenye bakuli kama yetu. Phadke aligeuka rangi ya majivu. Tulipoonja ile ya tatu akaanza kusema kwamba hata hiyo ina udongo udongo kidogo, lakini hakuna aliyemsikiliza, tulidhani anatafuta pa kujificha. Ketaki hakulia. Aliosha glasi zote, akaaga vizuri, na jioni hiyo hiyo akakupigia simu mwenyewe. Unajua ulivyomjibu. Katapila Jumatano.

Siku mbili sikula vizuri. Sikukupigia kukuomba, kwa sababu ningeomba nini? Pua yangu mwenyewe ilikuwa imehukumu.

Jumatano asubuhi nilitoa mabaki ya chupa yake kwenye friji niyamwage, nipate chupa ya kuwekea mafuta ya karanga. Nikamimina kidogo kwenye glasi kavu iliyokuwa kabatini, nadhani kwa mazoea tu, kama mtu anavyomtazama maiti mara ya mwisho. Nikanusa, na harufu ya godoro haikuwepo. Kulikuwa na pera, na ganda la ndimu, safi kabisa. Nikadhani nimechanganya chupa. Nikachukua glasi nyingine, nikaisuuza kama tulivyosuuza Jumapili, nikamimina kutoka chupa ile ile. Godoro likarudi!

Nilisimama jikoni na glasi mbili mikononi kama mwehu. Kisha nikautazama mtungi.

Unaukumbuka mtungi wa mama pale kwenye kona yenye kivuli. Unakumbuka kila joto lilipoanza alivyofunga kitita cha mizizi ya vala kwa uzi mweupe na kukizamisha ndani, maji yakapata ule ubaridi na ule udongo wenye manukato. Mimi sijawahi kuacha. Mwaka huu nilinunua kitita kipya sokoni Panchavati, kikali kweli. Siku zote glasi za mvinyo tunasuuzia maji ya ile mashine ya kuchuja, lakini Jumapili umeme haukuwepo, kwa hiyo nilichota mtungini bila kufikiri. Hakuna aliyeshtuka. Sote ndani ya chumba kile tumekua na maji hayo, tunayanywa kama hewa. Glasi ya kwanza ilikuwa kavu, haikudhurika. Ya tatu ilikuwa nyekundu nzito, ikaficha karibu yote. Ule mweupe wa mtoto, mwepesi, wenye aibu, ndio uliobeba mzigo wote.

Nikampigia Ketaki. Simu imezimwa. Nikapiga tena na tena, imezimwa. Nikampigia Phadke.

"Toa skuta," nikamwambia.

"Nalini bai, ndiyo kwanza naonja chai."

"Iache! Tumemuua mtoto bila kosa!"

Alikuja na fulana ya ndani. Nilipanda nyuma na kapu mapajani: chupa kwenye kopo la barafu, glasi, na birika la maji ya mtungi. Njia nzima ya Dindori, kuelekea shambani, sikumsemesha, nilimgonga tu mgongoni aongeze mwendo. Nilikuwa nahesabu magari makubwa ya njano na kuomba kila moja liwe linakwenda kwa mtu mwingine.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Mistari mitatu ya upande wa kisima ilikuwa imelala chini, mizizi juu, na nyaya zimejikunja. Ketaki alikuwa amesimama pembeni, anatazama kila shina likitoka. Nilikimbia mbele ya lile dude huku nimeinua sari mpaka magotini, mwanamke wa umri wangu, dereva akakanyaga breki na kunitukana kwa heshima.

"Mama, unataka nifungwe jela? Mnang'oa au hamng'oi?"

"Zima!" nikamwambia. "Zima kwanza."

Nikamweleza Ketaki habari ya maji. Alinisikiliza macho makavu.

"Shangazi, usinihurumie mbele za watu," alisema. "Nilionja mwenyewe. Ulikuwa umeoza."

"Geuka huko."

"Shangazi..."

"Nimesema geuka, we mtoto! Mkaidi kama baba yako!"

Akageuka. Glasi moja nikaisuuza na maji ya kisima, nyingine na maji ya birika. Nikamimina, nikampa ya birika kwanza. Hakuhitaji hata kuonja.

"Ndiyo hii ya Jumapili," alisema, akanirudishia.

Nikampa ya pili. Alinusa. Akanusa tena, akaonja, akaimeza badala ya kutema. Dereva alikuwa amekuja karibu, Phadke ameziba mdomo kwa kiganja.

"Huu wa nani?" akauliza.

"Wako," nikamwambia. "Glasi zote mbili ni mvinyo wako."

Akakaa pale pale chini, kati ya mashina yaliyong'olewa, na hapo ndipo alipolia. Na mimi nililia, sitakuficha. Phadke alijifanya anakagua tairi la skuta.

Katapila liliondoka. Lakini Ketaki hakukubali kusema kwamba yamekwisha. Alisema alikupa neno lake, na wewe ndiye mwenye shamba, hatabakiza mzabibu hata mmoja kwa ujanja wa shangazi. Nilikupigia simu palepale, juani. Ulisema tumeshindwa na sasa tunasingizia maji, ukakata. Nilikasirika, kaka. Bado nimekasirika. Ila najua pia kwamba tangu tumzike Prabhakar hutaki kusikia habari ya shamba lile likiendelea bila yeye, na unaona afadhali vitunguu vya Gaikwad kuliko kuona mistari aliyoipanda ikizaa. Kama nimekosea niambie. Lakini usimtwishe mtoto msiba wako.

Jumamosi tulionja upya, maji ya mashine, foronya, sheria zote. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Si mvinyo wa ajabu. Mwishoni una uchungu kidogo wa ganda la pera bichi, na nadhani alichuma zabibu wiki moja mapema. Mimi nilitia mbegu tatu, Phadke tatu, na Roshan nne, lakini Roshan ana huruma. Ketaki alitia mbili. Alisema mwakani atajua la kufanya na ule uchungu, kisha akashtuka kwa kusema "mwakani".

Barua hii inaletwa na Hemant, mtoto wa jirani, anayepanda ndege Ijumaa kuja huko. Usimweke mlangoni, mpe chai. Amekubebea chupa moja ya Ketaki, nimeivisha kipande cha ile sari ya kijani ya mama. Kuna mbegu tano za ukwaju kwenye bahasha ndogo. Na kuna kitita cha vala, nimekifunga kwa uzi mweupe.

Usinisadiki mimi, wala Phadke, wala machozi ya mtoto. Kiloweke kitita usiku kucha. Asubuhi suuza glasi moja na maji hayo, nyingine na maji ya bomba lenu, umwambie wifi akumiminie wewe umegeuka. Tena usijifanye hujui kuonja. Ile chupa nyuma ya pipa la mchele mwaka wa mtihani wako, ni mimi niliyemdanganya baba kwamba ni dawa ya viroboto.

Wasalimie Aditi na Mihir, na wifi Sunanda umwambie achari ya maembe naandaa. Wifi Mangal, mama yake Ketaki, anakusalimu, ingawa alinituma niseme salamu tu bila kuomba lolote. Mungu akulinde na baridi, akujaze pumzi kifuani, akurudishe kwenu ukiwa unatembea kwa miguu yako. Na ukishatia mbegu, usinipigie mimi. Mpigie Ketaki, simu yake sasa haizimwi.

Lakini kabla ya mvinyo, kunywa kwanza yale maji peke yake. Mimi nayanywa kila siku, ndiyo maana sikuyanusa. Wewe huna mtungi huko, utayanusa kutoka mlangoni, na utajua ni kwa harufu ya nani tulimhukumu mtoto wa Prabhakar.

Akupendaye hata ukimkatia simu,
dada yako,
Nalini