Malaba ya Mbao

Malaba, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Oluka,

Yoga, kama tunavyosalimiana kwetu. Sisi tu wazima, nawe huko Nairobi tunaamini unapumua. Mama kifua kimemwachia. Jana aligombana na kuku hadi wakahamia kwa jirani.

Mtu wako wa sinema, Callistus, alifika kutafuta mahali pa kupigia picha. Amechagua barabara ya malori, kibanda changu cha chai, na boma letu, ili mazishi ya Baba yaigizwe palepale yalipofanyika. Akataka kaburi lichimbwe mapema, mvua ilinyeshee, lisionekane jipya mbele ya kamera. Baba mdogo Methuselah alisimama kando akauliza, "Adeke, nani amekufa?"

"Hakuna, Mzee. Ni la sinema."

"Kaburi halijui kuigiza," akasema, akaenda zake.

Kwetu kaburi halilali wazi, unajua. Nimelifunika kwa mabati. Mama amekandika nyumba upya na kutandika kitanda chako. Miaka sita hujafika, Oluka! Njoo upige sinema yako, ule atap, ugali wa wimbi wa mama yako.

Dada yako,
Adeke


Nairobi, 21 Machi 2025

Dada,

Habari za huko? Kibanda kinaendeleaje? Mwambie Mama sijambo.

Hatuji Malaba. Wenye pesa wameamua twende Mauritius. Serikali ya kule humrudishia mwenye sinema sehemu ya gharama zake. Huku kwetu wameona hawapati nafuu kama hiyo. Malaba tutaijenga hukohuko, ya mbao. Nilibisha. Nikaambiwa sinema itakwenda, niwemo nisiwemo. Ni maisha ya Baba, Dada. Ningemwachia nani?

Mdogo wako,
Oluka


Malaba, 2 Aprili 2025

Oluka,

Salamu zipo na hasira ipo. Pokea zote mbili. Mama hajambo, ila chakula hakimpiti.

Hapa mpakani hata jogoo havuki bila kuulizwa ushuru. Malori yamepanga foleni tangu Baba akiwa dereva, na serikali inajua thamani ya kila gunia lililomo. Lakini hadithi ya watu waliokufa wakivusha mizigo hiyo haina thamani, iende ikapigwe kisiwani! Kisha wakubwa watavaa suti, wakae viti vya mbele, waseme "sinema yetu". Yetu kwa lipi? Hata vumbi lake litakuwa la kigeni. Nawe usijifiche nyuma ya serikali. Tangu lini hadithi ikawa shehena, ifuate njia yenye kodi ndogo?

Sasa nisikilize. Wazee wamekuja kuhusu lile kaburi. Likifukiwa tupu litadai mtu, kwa hiyo lazima tuzike mgomba. Na mgomba huzikwa badala ya mtu aliyepotelea mbali. Katika boma hili asiyekuwepo ni nani? Ni wewe tu. Ukishazikwa, huingii kwa mama yako mpaka utakaswe kama mfu aliyerudi. Mama amekataa katakata. Ameweka kiti kando ya mabati, na mvua ikinyesha hatoki. Baba mdogo anasema ukija ukasimama hapo, watu wakakuona, litafukiwa bila mgomba na yataisha. Siku moja, Oluka.

Dada yako,
Adeke


Port Louis, 19 Mei 2025

Dada mpendwa,

Kifua cha Mama kikoje? Barua yako ilipita Nairobi kwanza, ndiyo maana nimechelewa. Siwezi kutoka. Nikiondoka hata siku moja, mkataba unasema nimeacha kazi, na sinema atapewa mtu mwingine.

Malaba yetu ina lori moja. Tunalibadilisha turubai na kulipitisha tena, ionekane foleni. Mwanamke anayemwigiza Mama ni hodari, lakini analia amesimama. Nikamwambia mama yangu hulia ameketi chini, miguu ameinyoosha. Akauliza, "Kwa nini?" Nikaenda kusimama nyuma ya lori.

Huku kuna mashamba ya miwa kama ya Busia. Jioni upepo ukitoka huko, nageuka kutafuta njia ya nyumbani.

Zikeni mgomba, Dada. Nitatakaswa nikija. Usimwache Mama kwenye mvua.

Mdogo wako,
Oluka


Malaba, 30 Juni 2025

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, najua utasema njema. Mama amekuwa kitandani wiki mbili, lakini leo ameamka na kunywa uji.

Tulizika mgomba Jumamosi. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lako lisitajwe. Baba mdogo akauliza, "Sasa tunamzika nani?"

"Zikeni kazi iliyomchukua," Mama akasema kutoka kitandani.

Wazee walinong'onezana, wakaona inafaa. Wanawake waliombwa walie kidogo tu, kutimiza desturi. Walipoanza, hawakunyamaza. Na mimi unayenijua kwa mdomo, nililia nao mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo hujazikwa. Unaweza kuingia saa yoyote, bila kutakaswa.

Mama ana swali moja. Anataka kujua kama katika hiyo sinema yenu yule mtoto wa kiume wa dereva anarudi nyumbani mwishoni. Anauliza asubuhi, anauliza tena nikimletea chakula. Niandikie upesi, nimwambie.

Dada yako,
Adeke