Mpe Maji Kwanza

Kijijini,
mwisho wa Oktoba

Wifi yangu mpenzi Etyneut,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa mama yetu Gyronaut, kaka yako Rintylin, watoto wote wawili, mpaka kwangu mimi ninayeandika huku nikimbembeleza mdogo kwa mguu. Kifua chako vipi? Ule mvuke wa chumba cha kufulia hospitalini bado unakukohoza, au wamekupa zamu ya kupiga pasi uliyokuwa ukiiomba? Sisi kwa mwili tu wazima. Mdogo ameota meno mawili, ananing'ata akinyonya kisha ananicheka. Chai na sukari ulizotuma zilifika, na ile skafu nyekundu uliyoniletea mimi, kaka yako amejivika yeye, anasema baridi haiulizi skafu ni ya nani. Baridi yenyewe iko wapi, wifi? Oktoba inakwisha na bado tunakanyaga matope.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama safari hii nitakubali Ragtyna aje kukaa kwako mjini Anadyr, maana nimekukatalia mara mbili, na umeandika kwamba nina uchoyo wa mtoto kama vile nilimzaa peke yangu. Nilicheka hapo, halafu nikaona sichekeshwi. La pili, kwa nini mama hataki kuja kwenye simu, kwani umemkosea nini. Hujamkosea kitu. Mambo haya mawili ni jambo moja, na siwezi kulisema kwenye simu ya posta watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu. Kaa chini usome taratibu.

Mwaka huu walarasi, na miili yao ya sili mkubwa na mapembe yao ya mdomoni, walipanda ufukoni mapema kuliko mwaka jana. Unaukumbuka ufuko wa chini ya mteremko wetu, tulipokuwa tukiokota mwani wakati wa usichana wetu? Usingeona hata jiwe moja. Majike na watoto wao, mgongo kwa mgongo, mapembe yakigongana, na harufu yao inaingia mpaka kwenye unga. Zamani walikuwa wakilala juu ya barafu huko mbali, wanazama kula, wanapanda kupumzika. Sasa barafu haipo, na mnyama mwenye mtoto hawezi kuogelea tu bila pa kupumzikia. Mama yetu alisema kuna mtu amewaibia kitanda, ndiyo maana wamekuja kulala sebuleni kwetu.

Basi tukaanza maisha ya kunong'ona. Kengele ya shule haikupigwa. Mbwa walipelekwa nyuma ya kilima. Pikipiki zilisukumwa kwa mkono mpaka nje ya kijiji ndipo ziwashwe. Watoto walinyang'anywa mpira. Mdogo akilia nilikuwa namkimbiza kwenye stoo ya nyama, namfunika na ngozi, mpaka anyamaze. Unajua walivyo wageni hawa, wakishtuka hukimbilia majini wote kwa pamoja, na wakubwa hupita juu ya wadogo.

Na unamjua mama yako. Yeye ndiye alikuwa askari wa ukimya. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akinusa kelele. Pananto jirani yetu, ambaye mwaka juzi alisahau akawasha injini karibu na ufuko, mama alimwambia mbele ya watu dukani kwamba yeye masikio yake aliumbiwa kuzuia kofia isimfunike macho tu. Watu walicheka mpaka wakaziba midomo. Tangu siku hiyo hakunywa naye chai. Pananto akimsalimu, anajibu kwa kumtazama kofia.

Dubu nao wakaja. Zamani walikuwa wanapita tu baharini barafu ikishafunga, tunaona nyayo zao asubuhi, basi. Sasa hawana pa kupita. Rintylin yuko kwenye doria ya kijiji, anatoka alfajiri na kurudi akiwa hawezi hata kuvua buti. Nilimuuliza hao dubu wanataka nini kwetu. Akasema hawataki kitu, wako kama abiria waliokwama kwenye uwanja wetu wa ndege, wanangoja safari isiyotangazwa, na njaa inawauma. Watoto wa shule wanasindikizwa kwa gari. Ragtyna mimi nilimfungia ndani, anachungulia ulimwengu kupitia dirisha la jikoni.

Halafu yakatokea. Kijijini wanayasimulia hivi: asubuhi moja dubu alishuka mbio mteremkoni, hakuna ajuaye alitokea wapi, akaingia katikati ya walarasi. Ufuko wote ukainuka. Wifi, ule mlio sijui nikufananishie na nini. Sakafu ilitetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Bahari ikawa ya kahawia. Walipokwisha kuondoka, tuliona mawe tena, na juu ya mawe walikuwa wale walioachwa. Wengi wao ni watoto, wale wa mwaka huu, ambao sharubu zao bado laini. Wengine walikuwa hai bado, wanaita. Siwezi kukuhesabia, na sikutaka kuhesabu.

Wanaume walileta trekta wawavute mbali kabla dubu wengine hawajanusa. Mama yetu akatoka na ndoo na ile kata yake ya mti, akaanza kuteremka. Rintylin akamzuia, akamwambia, mama, hawa hatukuwawinda, hakuna mwenye deni la maji kwao. Alimzunguka tu, akashuka. Mimi nikamfunga mdogo mgongoni nikamfuata na ndoo ya pili. Unajua anavyofanya, ulifundishwa kama nilivyofundishwa, kila mgeni wa baharini aliyewindwa akiletwa mlangoni anamiminiwa maji matamu puani, kwa sababu maisha yake yote amekunywa chumvi, ili akirudi awaambie wenzake kwamba alipokelewa. Lakini siku zote ni mmoja, au wawili, na kuna furaha. Siku ile tulimwagia mmoja baada ya mwingine, ndoo ikaisha, nikapanda kuteka, nikarudi, ikaisha. Trekta lilikuwa likingoja nyuma yetu na dereva akiwa amevua kofia. Giza lilipoingia Rintylin alimbeba mama yake mgongoni kumrudisha. Tulikuwa bado hatujafika hata nusu ya ufuko.

Tangu siku ile mama yako hajasema neno. Anakula ukimpa. Anatikisa kichwa. Muuguzi amemchunguza, anasema koo ni zima, moyo ni mzima. Pananto alikuja kumpa pole, kaleta ini, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtoto aliyeitwa ofisini. Akamwambia, shangazi, jipe moyo, safari hii lawama si yangu wala ya mtu yeyote, ni dubu, na masikio yangu bado yanashika kofia vizuri. Alitaka achekeshe. Mama yetu aliinuka, akammiminia chai kikombe kikajaa mpaka juu, akamshika mkono ule wenye kikombe, akaushikilia. Pananto alinitazama mimi kama kuniuliza kuna nini. Nikageuka kukoroga sufuria.

Sasa nakuambia nisichomwambia hata kaka yako.

Unajua mlango wetu wa nje haufungi vizuri tangu kiangazi. Ardhi chini ya nyumba imelainika, nyumba imeinama upande wa bahari, na fremu imepinda. Tunausukumia gunia la makaa. Asubuhi ile Rintylin alikuwa doria, na mama yetu alilisogeza gunia akatoka kumwaga ndoo ya taka nyuma. Mimi nilikuwa jikoni nanyonyesha. Ragtyna alikuwa akicheza mlangoni na mdoli wake, namsikia akimgombeza. Kisha sikumsikia.

Nilitazama dirishani, nikaona kitu cheupe kimelala chini ya ukuta wetu, pale pasipo na upepo. Nikadhani ni theluji. Halafu nikakumbuka kwamba theluji haijaanguka.

Alikuwa dubu. Mifupa ya nyonga imechomoza, matope mpaka masikioni, macho ameyafumba. Na mwanangu alikuwa anamwendea na kata ya bibi yake, ameishika kwa mikono miwili, anatembea polepole ili maji yasimwagike.

Nataka uelewe vizuri, wifi. Hakwenda kwa utundu. Alimwona mgeni amelala nje ya mlango kama wanavyolala wote anaowaleta baba yake, akafanya alichofundishwa. Mimi nilimfundisha, na mama yetu, na wewe pia mwaka ule ulipokuja na kumshika mkono wake mdogo kwenye kata.

Nilifungua mdomo nimwite, sauti haikutoka. Nilikuwa nimenong'ona kwa majuma, nimemziba mwanangu mwingine mdomo kwa ngozi, mpaka kelele zimehama mwilini mwangu. Nilifika mlangoni na mdogo kifuani, nikasimama. Nikamsikia Ragtyna akimwambia dubu, kunywa, umetoka mbali. Akammiminia puani. Dubu akafumbua macho. Akatoa ulimi, akailamba kata, akailamba tena. Kisha akainua kichwa juu ya kichwa cha mwanangu, akaanza kusimama.

Ndipo mama yetu akatokea pembeni ya nyumba. Alipiga ukelele mmoja, Mama! Unajua tangu Ragtyna azaliwe bibi yake anamwita hivyo, kwa sababu kwake ni mama yake mzazi aliyefariki, akaturudia kwa jina. Lakini siku zote anamwita kwa utani, mama njoo unywe supu, mama vaa soksi. Ile haikuwa sauti ya utani, wala ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ya mtoto anayeachwa. Ndoo ikamponyoka ikagonga mawe, dubu akaruka upande, akateremka mbio moja kwa moja ufukoni. Yaliyofuata nimekwisha kukuandikia.

Mtoto hakuguswa. Alinijia akilalamika kwamba bibi amemfukuza mgeni kabla hajamaliza maji yake.

Kwa hiyo ni yeye aliyepiga kelele, na ni mimi niliyenyamaza, na sijui kati yetu nani anaumia zaidi. Kama asingepiga, leo ningekuandikia barua nyingine. Nilimwambia hivyo, nilipiga magoti nikamshukuru, nikamwambia mbele ya maiti wote wale ningemwomba apige tena. Alinipapasa kichwa tu. Usimlaumu. Na usije ukaninyanyasa kwa maswali kwenye simu. Siri hii tumeibeba wawili, sasa tuko watatu, na inatosha.

Nilijaribu kumfundisha Ragtyna kuogopa. Nilimwambia kuna wageni wa kupewa maji na wengine hapana. Akaniuliza atawajuaje. Nikamwambia wale wanaopumua usiwape. Akafikiri, akaniambia lakini wanaopumua ndio wenye kiu. Nilimchapa, wifi, mara ya kwanza, kisha tukalia wote. Na jana asubuhi nilipolisogeza gunia la makaa nikakuta bakuli lake la uji liko nje ya mlango, limejaa maji, na udongo pembeni yake una nyayo zisizo za mbwa.

Basi nakubali. Muuguzi wetu anakwenda likizo na ndege ya juma lijalo, hali ya hewa ikiruhusu, na Ragtyna atakuwa naye. Nenda uwanjani mapema, asishuke akakuta hakuna wa kwake. Lakini sikia nikuambie, nakuazima, sikupi. Mama yake ni mimi. Usimnunulie kila anachokinyooshea kidole, na usimwache na majirani unapokwenda kazini. Akiulizia nyumbani usimwambie uongo, mwambie nimemwambia angoje.

Utaniuliza mpaka lini. Nilianza kuandika mpaka barafu itakaporudi, nikakata. Rintylin anasema hata mwakani watapanda ufuko huu huu, hawana kwingine, ila watakuwa wachache, maana hawa wa mwaka huu wangekuwa ndio wa kesho. Anasema na dubu watakuja. Analisema akiwa amelala na buti.

Nilikuwa sijajua nitamwambiaje mama yetu kwamba namtoa Mama yake nyumbani. Nikamkuta usiku ameketi karibu na jiko anashona buti za ngozi. Nikazipima kwa macho, ni kubwa mno kwa mguu wa Ragtyna. Chini ya mkeka kulikuwa na jozi nyingine, kubwa zaidi ya hizo. Nilikaa nikamshikia uzi. Zote utazikuta kwenye begi lake, mvishe kadiri anavyokua.

Jambo la mwisho, na hili nakuomba kwa machozi, usilichukulie utoto. Huko kwenu samaki mnanunua sokoni wamekwisha kugandishwa. Ukirudi nao nyumbani, kabla hujashika kisu, mpe Ragtyna kikombe cha maji, umwache awamiminie kwanza. Watu wakicheka, wacheke. Hapa hicho ndicho nilichomkatalia, na sitaki akikose kila mahali.

Wasalimie wenzako wa kazini, na yule mpangaji mwenzako mwenye paka. Mama yako anakusalimu, hajasema, lakini nimemuuliza naye ametikisa kichwa mara mbili kwamba ndiyo. Mdogo amelala. Nami naenda kulisukumia gunia mlangoni.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Omryna