Kitangi cha Sigara Kimenishinda

Mke wangu,

Usitenge chakula kabla hujafuta meza kwa sabuni. Hilo doa ni maji ya sigara yangu ya umeme, na ni sumu. Chupa iko juu ya kabati, watoto wasiifikie.

Asubuhi kitangi cha sigara hiyo, kinachobeba hayo maji, kilianza kuvuja. Mimi, fundi redio wa mtaa mzima, nikasema hii kazi ya dakika mbili. Nikakifungua, nikabadilisha waya unaochemsha maji, nikashindilia pamba mpya ya kuyanyonya. (Ndiyo, ya mto wako. Samahani.) Nikavuta: pamba ikaungua, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nikapunguza pamba, nikavuta tena: moshi hakuna, maji mdomoni tele. Kinyozi hajinyoi.

Mama yako akatoka chumbani, akanitazama nilivyolowa. "Mwanangu, hicho kidude unakivuta wewe, au chenyewe ndicho kinakuvuta?"

Nimechelewa kazini, na swali lake naondoka nalo.

~~Jioni nitapitia dukani ninunue kitangi kipya.~~

Jioni nitapitia zahanati niulize wanavyowasaidia watu kuacha. Nisindikize, tafadhali. Nikienda peke yangu, miguu itanipeleka dukani.

Baba watoto