Mtani wa Dirisha la Zamu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimekataa kuendesha basi. Miaka kumi na moja ya kazi hapa Marekani, na ni mara ya kwanza.

Saa kumi na moja alfajiri nimelikagua kama kawaida – taa, milango, vioo, breki. Breki ikazama. Nikakanyaga tena, ikazama tena, laini kama nakanyaga mto wa kulalia. Nikaandika kwenye kadi ya ukaguzi, nikampelekea Elisante kwenye dirisha la zamu, pale anapogawa mabasi. Akaisoma. Akasema ninyi Wapare hata breki mnaitafutia kesi. Nikamwambia Mchaga akiona basi bovu huuliza kwanza linauzwa bei gani. Tukacheka. Akaiweka kadi kwenye trei, akanyanyua simu kumwita fundi.

Kisha meneja akatoka ofisini. Mabasi hayatoshi, wanafunzi wamerudi chuoni College Park, vituo vimejaa. Akasema niende nalo taratibu, fundi ataliangalia mchana. Taratibu! Kwenye barabara kuu ya Route 1, watoto wa chuo wanavuka na vitu masikioni. Nikasema hapana, bwana. Nilisema kwa upole.

Saa moja nilikuwa nimerudi nyumbani. Nimepika makande. Mengi mno – bado napima ya watu wawili.

Jumatano, 10 Septemba

Barua imefika. Nimesimamishwa kazi mpaka kikao cha tarehe 24. Inasema nilikataa kazi bila sababu, na kwamba siku hiyo hakuna kadi yoyote ya ukaguzi ya basi lile. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni. Hakuna kadi? Nilimpa mkononi. Na kadi huwa moja tu, dereva habaki na nakala.

Jioni akaja Audrey. Ndiye mwakilishi wa chama chetu pale depo – Mkenya wa Nakuru, anaendesha njia ya Hyattsville, sauti yake haihitaji kipaza.

"Mathe, ulisaini kitu?"

Sijasaini.

"Poa. Usisaini hata kadi ya bethdei."

Akanieleza mambo yalivyo. Mkataba wetu na kampuni unaisha mwisho wa mwezi. Chama kinadai vitu viwili: choo mwisho wa njia, na dereva asiadhibiwe akikataa basi bovu. Hicho cha pili kampuni inasema hakina haja, kwa sababu hakuna dereva aliyewahi kuadhibiwa. Sasa nipo mimi. Nikishinda kikao, tumekipata. Nikishindwa, nafukuzwa, na hakuna atakayethubutu tena kuandika kwamba breki ni mbovu.

Amekula makande sahani mbili. Anayaita githeri. Sikumbishia.

Ijumaa, 12 Septemba

Kukaa nyumbani kuna raha yake. Nimelala mpaka saa mbili. Nimefua mapazia. Nimetembea hadi posta ya Riverdale Park, kwenye kituo ambapo mume wangu Cosmas alikuwa akinisubiri siku zake za mapumziko. Alikuwa anapanda basi langu, anakaa kiti cha mbele, tunakwenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Anabonyeza kengele palepale alipopandia. Akishuka anasema, "Asante, dereva," kama hatujuani. Abiria mmoja aliwahi kuniambia yule mzee amekutupia jicho. Nikamjibu hata mimi nimemshuku.

Mwaka mmoja na miezi saba sasa tangu nimzike.

Basi likapita. Dereva mgeni. Nimempungia, naye akanipungia.

Violet amepiga simu kutoka Falls Church. Binti yangu huyu anasikia Kiswahili chote na anajibu Kiingereza chote. Anasema niache kazi, nihamie kwake, chumba kipo na hata televisheni ipo. Nimesema nitafikiria. Sitafikiria.

Jumapili, 14 Septemba

Ibada ya Kiswahili. Elisante alikuwepo, viti vya nyuma. Siku zote tukitoka ananisubiri mlangoni, anauliza kwa sauti kama nimetoa sadaka bila kudai risiti. Leo amesalimia watu wote, na mimi nimo – "Habari za Jumapili, dada Dorothea" – akaenda kwenye gari lake.

Dada Dorothea. Miaka tisa hajawahi kuniita hivyo.

Labda wamemkataza. Labda amejikataza mwenyewe. Yeye ni msimamizi, hayumo kwenye chama, akianguka hana wa kumwinua. Mke wake anakuja Desemba kutoka Machame, baada ya kusubiri viza kwa miaka, na ameshaanza kununua vyombo. Na ndiye peke yake aliyeishika kadi.

Siwezi kusema simwelewi. Ndiyo tabu yenyewe.

Alhamisi, 18 Septemba

Audrey amekuja na karatasi na furaha tele. Amepata njia ya mkato. Madereva watatu wako tayari kusema wamemsikia Elisante akinitukania kabila, kila asubuhi, pale dirishani. Amekusanya na maneno yenyewe: bahili, mpenda kesi, Wapare hamzeeki bali mnakauka. Nimeyasoma. Yote ameyasema kweli. Hilo la kukauka alilisema mwezi wa tatu na nililipenda.

"Na ati hadi kwa matanga ya mzee wako alikuja kufanya komedi," Audrey akasema. Alikuwa amekasirika kweli, kwa ajili yangu.

Anasema tukipeleka malalamiko hayo kampuni itaogopa. Itamwondoa Elisante na kunirudisha kazini ndani ya wiki. Kikao hakitafika.

Nikaanza kucheka. Kisha nikaona mwenzangu hacheki.

Nikamkalisha, nikamweleza. Wapare na Wachaga ni watani. Milima yetu inatazamana, tumetaniana tangu enzi za mababu. Mtani hatukani. Anakurushia, nawe unamrudishia, na mimi nimemrudishia Elisante mambo ambayo siyaandiki hata humu. Na msibani ndipo penye kazi yake hasa. Wengine wanakuja kulia na wewe. Mtani anakuja kuhakikisha humfuati marehemu.

Siku ile kwenye ukumbi wa mazishi aliivaa kofia ya Cosmas, akakaa chini mbele ya jeneza, akatangaza halitoki mpaka apewe ng'ombe, na asiwe ng'ombe wa Kipare maana wale ni mifupa. Yule Mmarekani mwenye gari la maiti akabaki ameshika mlango, hajui aite polisi au asubiri. Kisha Elisante akamwigiza Cosmas akinunua samaki: anavyomtazama jicho, anavyomnusa, anavyomrudisha kwenye barafu na kumwomba radhi. Mchungaji alijifuta machozi. Nilikuwa na siku nne sijameza kitu. Nikacheka. Nilipomaliza kucheka nikaomba chai.

Audrey alisikiliza yote. Akasema sawa, mathe, nimeskia. Lakini huyo mtani wako mbona amenyamaza? Yeye yuko kazini, wewe uko hapa unafua mapazia.

Nikainuka kuchemsha chai.

Ameniachia karatasi nisaini. Iko juu ya friji.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi karatasi ilikuwa bado juu ya friji. Leo nimelifungua hilo friji mara nyingi kuliko njaa yangu.

Mchana mkutano wa chama, kwenye bustani hapa Riverdale Park. Fulana za bluu, soseji, mabango ya kuandika kwa mkono. Mama mmoja alisimama akasema hanywi maji tangu alfajiri mpaka saa nane, kwa sababu mwisho wa njia yake kuna mti mmoja tu na mti wenyewe mwembamba. Tulicheka mpaka tukaona si la kucheka. Baadaye dereva mmoja mrefu akanivuta pembeni. Aliendesha basi lilelile mwezi wa saba. Breki ilikuwa hivyohivyo. Hakuandika. Akasema ana watoto watatu, akatazama viatu vyake.

Wengi wameniambia saini, Dorothea, saini urudi. Wananitakia mema.

Lakini njiani nimewaza. Nikisaini narudi kazini, na breki haitajwi popote. Kampuni itasema tatizo lilikuwa msimamizi mwenye mdomo mchafu, nasi tumemwondoa. Elisante anakwenda nyumbani na vyombo vyake vipya. Na basi lile linatoka kesho yake saa kumi na moja na nusu, na anayelitoa ni yule mwenye watoto watatu.

Nikarudi bustanini kumtafuta Audrey. Alikuwa amebeba sahani. Nikamwambia sisaini.

"Mathe, wewe ni kichwa ngumu sana."

Nikasema ndivyo Wapare tulivyo. Akauliza kama hilo nalo aliandike kuwa ni tusi. Tukacheka, ila yeye hakumaliza kucheka. Akasema bila hiyo karatasi tuna shahidi mmoja tu, Elisante, na huyo hata simu zake hashiki.

Nimerudi nyumbani nikaichana. Vipande vinne, kisha vinane.

Jumanne, 23 Septemba

Kesho.

Nimepiga pasi sketi ya bluu. Nimekaanga maandazi, maana vikao vya watu hawa huwa na kahawa tu. Violet ameomba ruhusa kazini, atakuja kunichukua saa mbili. Amenionya kuhusu foleni ya Beltway, barabara ya mzunguko, kana kwamba mimi ni abiria.

Nilishika simu nimpigie Elisante. Nikaiweka. Nikimpigia nitamwomba, na nikimwomba, akisema ukweli atakuwa amenifadhili mimi. Halafu wakimwondoa itakuwa juu yangu. Aamue peke yake, kama nilivyoamua mimi mbele ya lile basi.

Rahisi kuandika. Nimeishika tena simu. Nimeiweka tena.

Jumatano, 24 Septemba

Naandikia kwenye korido, ghorofa ya tatu, kwa kalamu ya Violet. Yeye yuko pembeni na simu yake.

Asubuhi nimeingia mimi kwanza. Meza ndefu. Msuluhishi ni mama mwenye nywele nyeupe na sweta. Meneja, wakili wa kampuni, Audrey. Nimeeleza breki, nikaonyesha na mguu. Wakili akauliza kwa upole kama kulikuwa na uhasama kati yangu na msimamizi wa zamu. Amesikia kuna maneno ya kikabila. Nikaelewa anachotaka: nimtupie Elisante lawama za kadi, kampuni itoke safi, na mimi nirudi kazini. Audrey alikuwa ameinamia karatasi zake, hakunitazama. Nikasema hapana, bwana, hapakuwa na uhasama. Tunataniana kwa jadi, ukitaka nitakueleza. Hakutaka.

Wakaniambia nisubiri nje. Mashahidi wanaingia mmoja mmoja.

Hapa koridoni viti vya kulia ni vya kampuni, vya kushoto ni vyetu. Hakuna aliyeandika, ila ndivyo watu walivyokaa. Elisante alikuwa kulia, kati ya fundi na bwana mmoja wa ofisini, amevaa suti. Nilipotoka alinitazama. Akainuka, akavuka, akaja kukaa kiti cha karibu yangu. Yule bwana wa ofisini akamwita kwa kidole. Elisante akamjibu kwa Kiingereza kwamba upande huu una hewa.

Haturuhusiwi kuongea habari za kesi. Hatukuongea. Nikamega andazi nikampa.

Akalitazama. "Nusu," akasema. "Mpare kamili."

Nikasema Mchaga akipewa zima atalifungulia duka.

Violet alicheka bila kuinua macho kwenye simu. Kumbe anasikia mpaka utani.

Wakamwita. Alifuta vidole kwenye leso, akafunga kifungo cha koti, akaingia. Mlango ukafungwa.

Sauti zinapita, maneno hayapiti. Nilimsikia wakili, swali fupi. Kisha Elisante akaanza.

Kusema hukuiona kadi ni kazi ya sekunde mbili. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu alipoanza. Sasa ni saa tano kasoro robo. Bwana wa ofisini amesimama, amekaa, amesimama tena. Na huko ndani sauti bado ni ya Elisante.