Mteja wa Guyo

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Huku Wabera tuko salama, na dada yako amejifungua msichana.

Unauliza kama ni vibaya kumchukua mteja wa dalali mwenzako mauzo yakivunjika. Ni vibaya sana! Serikali ya kaunti ilipoanza, mimi na dalali Guyo tulikuwa tunauza nyumba moja hapa. Mnunuzi, mwalimu wa kutoka Sericho, nilimleta mimi. Siku ya kuweka sahihi mke wa mwenye nyumba akakataa nyumba iuzwe. Desturi yetu madalali ni kwenda pamoja kumweleza mnunuzi. Nikajifunga mtandio, nikamngoja Guyo mlangoni. Kumbe ameshaenda peke yake! Akamwambia mwalimu eti nilijua mke hataki nikanyamaza, kisha akampakia boda kumwonyesha nyumba nyingine. Mwongo mkubwa!

Baadaye mauzo ya Guyo nayo yakavunjika, na mnunuzi wake, si yule mwalimu, akaja kwangu nimtafutie nyumba. Nikampigia Guyo hapo hapo: "Mtu wako yuko hapa. Njoo tuongee sote watatu."

Akaja, macho chini. Nikamkaribisha chai. Sukari nilimnyima.

Mpigie mwenzako leo.

Nyanya yako, bado na hasira