Kioo cha Inchi Kumi na Moja

Jumatano, 7 Januari

Barua ya shule imefika. Kurasa nne! Sare, viatu jozi mbili, madaftari — hayo nayajua. Ukurasa wa tatu ndio ulionitoa jasho: "Kompyuta mpakato moja, kioo kisizidi inchi kumi na moja." Mpakato! Kama kichanga. Mimi nimemaliza shule na kalamu moja na kifutio cha kuazima.

Daktari wa presha kasema nikipandwa na hasira niandike badala ya kufoka. Basi naandika.

Jioni kaja shemeji, kaka wa mke wangu, bila kuitwa. Tunamwita Profesa ingawa hakuna chuo kinachomjua. Kasema suala si kioo, suala ni ramu. Ramu ni nini? Ni kama ubongo, kasema. Baada ya dakika kumi ikawa ni kama tumbo. Mke wangu kacheka mpaka kamwaga chai.

Aliyenishangaza ni Kasuku, binti yetu. Jina hilo alilipata akiwa na miaka miwili, kwa maneno yasiyo na kituo. Leo inazungumziwa laptopu yake mwenyewe, na yeye kimya, anachezea kona ya barua.

Alhamisi, 8 Januari

Cherehani tatu zimekufa kwa siku moja. Nimeshinda chini ya meza za kiwanda chetu cha nguo, mafuta mpaka kwenye nywele. Lakini cherehani nayo ina adabu! Unafungua skrubu nne, unaona gia, unaona mkanda, unajua mgonjwa ni nani. Leo saa ya chakula nimegeuza laptopu ya mhasibu kutafuta skrubu. Kaninyang'anya kama vile nimemshika mkewe.

Jumamosi, 10 Januari

Nimefoka. Niseme ukweli, nimefoka sana.

Tumezunguka maduka matatu, mimi na Kasuku, jua la utosini. Duka la kwanza: vioo vya inchi kumi na moja vimepangwa kama mikate. Hii? Hapana. Ile ya kijivu? Hapana. Kwa nini? "Siipendi tu, Baba." Duka la pili, vivyo hivyo. Anaishika, anaitazama nusu dakika, anairudisha. Muuzaji kaniuliza pembeni kama mtoto analazimishwa kwenda shule.

Duka la tatu hakuangalia hata meza ya mbele. Kaenda moja kwa moja mpaka kona ya vilivyotumika, kasimama mbele ya dude moja jeusi — inchi kumi na saba! Zito kama jiko la chuma. Kingo zimechubuka.

"Baba, hii."

Nikamwonyesha barua. Kumi na moja, mama, kumi na moja! Akasema anaitaka hiyo hiyo. Nikamuuliza sababu, kainamisha kichwa. Hapo ndipo mori uliponipanda. Unataka kuringia wenzako? Unataka darasa zima ligeuke kukutazama? Mteja mmoja kajifanya anasoma boksi.

Kalia bila sauti. Tumerudi nyumbani yeye hatua kumi nyuma yangu. Kila nikigeuka, naye anasimama.

Jumapili, 11 Januari

Mke wangu kaninunia. Kasema nina kichwa cha nyundo, kila kitu kwangu ni msumari.

Saa nane kaingia Profesa, na safari hii — lazima nikiri — mikono haikuwa mitupu. Katoa laptopu ndogo, safi, inchi kumi na moja kamili. Ilikuwa ya mwenzake kazini, haijatumika hata mwaka. "Mjomba ndiye mimi," kasema, kifua mbele. Nikaona mzigo umetua.

Kasuku kapokea kwa mikono miwili. Asante, Mjomba. Kaiweka mezani taratibu, kaingia chumbani, kafunga mlango.

Profesa kabaki na tabasamu lisilo na pa kwenda. Watoto wa siku hizi, kasema. Mimi nilitamani ardhi ipasuke — si kwa aibu tu, kwa hasira. Tumpe nini huyu? Mwezi?

Jumanne, 13 Januari



Umeme ulikatika kiwandani, tukarudishwa saa saba mchana. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, buti mkononi, maana sakafu ilikuwa imepigwa deki. Kasuku yuko mezani na laptopu ya mjomba wake. Pua yake imekaribia kugusa kioo. Si kusema karibu karibu — imegusa! Na herufi kazikuza, neno moja linajaza kioo kizima. Anasogeza neno, anasoma. Anasogeza, anasoma. Kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo.

Aliponisikia kaifunga kwa kishindo.

"Tangu lini?"

Kashikilia kifuniko kwa viganja viwili.

"Kasuku. Tangu lini?"

"Tangu darasa la sita."

Miaka miwili! Ubaoni haoni kitu. Rafiki yake aliyekaa naye alikuwa anamnong'oneza, mengine anayashika kwa kusikiliza. Na kafaulu! Mtihani kausoma karatasi imegusa kope, msimamizi akadhani anasinzia.

Kwa nini hukusema, mwanangu? Kasema mtoto wa mwoka mikate wa mtaani kwetu aliposema haoni, alihamishwa. Shule ya wasioona, mbali. Anarudi likizo tu, na akirudi hana rafiki. "Hii shule nimeipata mwenyewe, Baba. Wakijua watasema siwezi."

Kaniapisha nisimwambie mtu shuleni. Nikaapa. Ningeapa chochote saa ile.

Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi nilishindwa kuona hata la mwenzangu, mtoto ninayekula naye meza moja kila siku. Na Jumamosi nilimwambia anaringa.

Jumatano, 14 Januari

Kliniki ya macho, sisi watatu. Nimeomba ruhusa, msimamizi wa kiwanda kanitazama kama nimeiba mashine.

Daktari ni mama mtulivu, anaongea na Kasuku, si na mimi. Kamtia matone, kammulika, kamtazama muda mrefu. Kisha kasema wazi. Miwani itasaidia kidogo. Tatizo liko nyuma kabisa ya jicho. Hataingia gizani leo wala kesho, lakini kilichopungua hakitarudi. Herufi kubwa, mwanga wa kutosha, kioo kikubwa. Akili haina ugonjwa wowote.

Mke wangu kalia. Mimi nikauliza mambo ya kijinga — karoti, sijui dawa ya matone. Daktari kajibu yote kwa subira.

Kisha kamuuliza Kasuku, kioo kikubwa kiasi gani kinakufaa? Naye kajibu, taratibu, bila kinyongo: "Nilikiona kimoja Jumamosi. Baba alisema naringa."

Daktari kanigeukia. Mimi nikatazama viatu vyangu. Vinahitaji soli.

Alhamisi, 15 Januari

Nimetoka kazini mbio mpaka duka la tatu. Dude jeusi halipo! Limeuzwa jana. Juzi lingekuwepo. Jumapili pia. Nimesimama mbele ya nafasi tupu kwenye rafu nikiitazama kama kaburi.

Tumezunguka tena, wote watatu. Kwa fundi mmoja wa laptopu, nyuma ya kinyozi, tukapata nyingine ya inchi kumi na saba. Herufi M imefutika. Safari hii nikafumba mdomo. Kasuku kaijaribu mwenyewe: kakuza, kapunguza, kageuza rangi, maandishi meupe juu ya weusi. Kakaa mgongo umenyooka! Nilikuwa sijaona mgongo wake umenyooka mbele ya maandishi sijui tangu lini.

Nikasema nitaichora ile M kwa rangi nyeupe.

"Usihangaike, Baba. Vidole vinaijua."

Profesa kaja kuchukua ile ndogo. Nilitegemea mhadhara. Kamkumbatia mpwa wake, kaondoka. Ramu hakuitaja.

Ijumaa, 16 Januari

Nimepiga simu shuleni. Karani kasema haiwezekani. Laptopu zote zinalala kwenye kabati la kuchajia, na vijumba vyake vimepimwa inchi kumi na moja. Nikasema atarudi nayo nyumbani kila siku. Haruhusiwi. Atachajia kwangu. Haruhusiwi. Sababu yenyewe ni ipi, mzazi?

Sababu ninayo kwenye ncha ya ulimi! Nimeapa. Nikasema ni sababu za kifamilia.

"Familia nzima ina kioo kikubwa?"

Nikakata simu kabla presha haijanikata mimi. Baadaye nikapiga tena, nikaomba radhi. Tumeambiwa Jumatatu tumwone makamu mkuu.

Mke wangu kasema kiapo gani hicho cha kumnyima mtoto haki yake, waambie! Nikasema niliapa kwa mtoto, siyo kwa karani. Tumebishana mpaka jirani kazima redio ili asikie vizuri. Kasuku alikuwa mlangoni. Sijui kasikia kuanzia wapi.

Jumatatu, 19 Januari

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi. Nisipoandika nitavunja kitu.

Makamu mkuu katoka saa nne. Mtu mrefu, sauti ya kengele. Kaitazama mashine mikononi mwa Kasuku, kasema hii ni ya ofisi, si ya darasa. Hapa watoto wote ni sawa, mzee wangu. Nikafungua mdomo. Kasuku kaniminya kidole.

Kisha makamu kanyoosha mkono ukutani. Kuna karatasi, herufi kama chawa. "Sharti la saba, binti. Msomee baba yako."

Wanafunzi wanapita. Kasuku kageuzia uso ukutani, kafinya macho. Sharti lile nililiona vizuri! Nikaanza kumnong'oneza, neno la kwanza — kanikanyaga mguu.

"Mwalimu, naomba tuzungumze ndani."

"Na baba yako?"

"Baba atasubiri hapa."

Kaikumbatia mashine, kaenda. Mkono wake ulipapasa ubao wa mlango mara moja kabla ya kupata kitasa. Makamu aliuona mkono ule. Nilimwona akiuona.

Sasa ni robo saa. Ile sauti ya kengele ya makamu ilivuma mwanzoni, ikanyamaza. Nikasikia kiti kinaburutwa. Karani kaniuliza kama nataka maji. Sitaki maji!

Mlango umefunguka kidogo. Makamu kamwambia karani alete futi ya kupimia — sauti imeshuka, sikuijua kuwa ni yake. Futi ya nini? Wanapima kabati? Wanapima mashine waandike sababu ya kuikataa? Karani kapekua droo mbili, kaipata, kaingia nayo. Kabla mlango haujafungwa nimemsikia Kasuku:

"Tupime kutoka ubao huu mpaka ninapoweza kusoma, Mwalimu. Nisimame wapi?"

Nimeinuka. Kamwambia mwenyewe! Nimekaa. Kasema nisubiri hapa. Humo ndani wanahesabu hatua kwa sauti —