Mara kumi

Saa nne na dakika kumi asubuhi nimefungua faili la mwaka jana, nitafute mfano wa kumfundishia mfanyakazi mpya kuhesabu hamira ya bia. Nimekuta karatasi yangu, ile iliyomfukuzisha kazi Mzee Hadubini, yule mhesabu seli wetu wa zamani.

Shosti, sikuzidisha.

Nilishakueleza: sampuli ya hamira tunaichanganya na maji, sehemu moja kwa tisa, ndipo tunahesabu seli kwenye kioo cha hadubini. Mwisho unazidisha kwa kumi. Mimi nilihesabu vizuri, nikaishia hapo. Jibu la mzee kwa sampuli ile ile likawa mara kumi ya langu, nami nikaandika ripoti kwamba anabuni tarakimu.

Niliandika "anabuni". Kwa mkono wangu.

Na aliniuliza. Mbele ya meneja, kwa upole kabisa: "Umezidisha, mwanangu?"

Nikamjibu, "Mzee, mimi nimesomea haya." Meneja akacheka. Hata wewe nilipokusimulia ulicheka.

Leo nimerudia hesabu mara nne. Jibu ni lile lile lake.

Saa tano kasoro robo nimempelekea meneja karatasi yenye marekebisho. Amesoma, akasema, "Hilo limeshapita, dada. Ichane hiyo." Sijaichana. Nimeipeleka ofisi ya utumishi, wakaigonga muhuri wa kupokea.

Saa tano na robo nimempigia mzee. Amepokea mkewe. Nimejitambulisha, kisha nikamsikia akimwambia mumewe, "Ni yule binti wa kiwandani."

Sauti ya mzee ikauliza kwa mbali, "Amezidisha?"